Bangi na Akili: Tusidanganyane

Ndugu wanafunzi, nyumbani tulikuwa tukiambiwa bangi inatia wazimu. Hapa Uingereza tunaambiwa ni majani tu, hayana neno. Sasa ukweli uko wapi?

Mwaka 1987 watafiti wa Sweden walitoa matokeo ya kuwafuatilia vijana wa jeshini zaidi ya 45,000 kwa miaka 15. Waliovuta zaidi ya mara 50 hatari yao ya kupata skizofrenia, ugonjwa mzito wa akili, ilikuwa mara sita ya wasiovuta. Walipohesabu mambo mengine ya maisha tofauti ilipungua, lakini haikuisha. Mwaka 2019 utafiti mwingine, London ikiwemo, ulikuta kwamba wanaovuta bangi kali kila siku wana hatari karibu mara tano.

Je, kila mvutaji ataugua? Hapana, wengi hawaugui, na wapo wanaougua bila kuvuta. Ila hatari inazidi ukianza ungali mdogo, ukivuta kila siku, au kama kwenu kuna mtu aliyewahi kuugua. Na "skunk" ya hapa ni kali kweli.

Kwa hiyo mwenzetu akianza kujifungia chumbani, kusikia sauti ambazo wengine hatuzisikii, au kudai anawindwa, tusimcheke wala tusiseme karogwa. Tumsindikize kwa GP mapema. Akiwa hatarini, tupige 999. Kazi ya daktari ni kutibu, si kushtaki. Akiwahiwa, ana nafasi nzuri ya kupona na kumaliza masomo.