Siku ya mashindano ya ndoana kwa timu: niliyojifunza mto Trent, kwa ndugu zangu wa Endagikot

Timu ya ndoana haishindi kwa samaki mkubwa. Naanza na hilo kwa sababu ndugu zangu wa Mbulu, walioko huku Uingereza na walioko nyumbani, wakiona picha zangu kando ya mto Trent huuliza swali lile lile: mkubwa kuliko wote alikuwa na kilo ngapi? Mara nyingi jibu langu ni la gramu. Na siku hiyo hiyo timu yetu imerudi na kikombe.

Nimezaliwa Endagikot, Mbulu, kule juu kwenye baridi, kwenye mahindi, maharage na ng'ombe. Samaki aliletwa kutoka Ziwa Babati, au Basotu upande wa Hanang, akiwa ameshakaangwa. Kuvua nimejifunzia Nottingham, ukubwani, kwa wazee wa klabu walionipokea bila kuniuliza natoka wapi. Mchezo huu umeniingia damuni, na nataka vijana wetu waujue vizuri.

Hesabu yake ni hii. Ukingo wa mto unagawanywa kanda tano, A hadi E, na kila timu inaweka mvuvi mmoja katika kila kanda. Hushindani na mto mzima, unashindana na waliopangwa kanda yako tu. Muda ukiisha, samaki wote wa kila mvuvi hupimwa kwa pamoja. Mwenye uzito mkubwa katika kanda anapata alama 1, anayemfuata 2, na kuendelea hivyo. Alama za watano zinajumlishwa, na timu yenye jumla ndogo ndiyo mshindi. Tuseme ziko timu kumi. Timu moja imeshika nafasi ya 1, 1, 9, 8 na 2, jumla 21. Nyingine haina hata mshindi mmoja wa kanda, imeshika 3, 4, 2, 5 na 3, jumla 17. Hii ya pili inabeba kikombe, hata kama bingwa mmoja wa wale wengine amevua uzito unaozidi wa watano hawa wote. Kanda tano na alama za nafasi ndio utaratibu wa mashindano ya dunia pia, yaliyoanza mwaka 1957. Waingereza wana mashindano yao ya taifa ya timu tangu 1906.

Ukiishika hesabu hiyo, kila uamuzi wa siku unabadilika. Anayeiangusha timu ni yule aliyekaa saa nzima akimsubiri samaki wa ndoto huku jirani zake wakiopoa visamaki kimoja kimoja. Nahodha wetu, mzee aliyestaafu kazi ya mgodi, hutuambia neno moja tu kabla hatujatawanyika: pata samaki kwanza.

Kabla ya kufika huko kuna leseni. Hapa England kila mtu wa miaka 13 na zaidi anayevua kwa ndoana kwenye maji baridi lazima awe na leseni ya Environment Agency, mamlaka ya mazingira ya huku. Wa miaka 13 hadi 16 wanapewa bure, lakini lazima waichukue. Mito hufungwa kuanzia 15 Machi hadi 15 Juni ili samaki watage, na msimu hufunguliwa 16 Juni. Ndugu uliyefika huku karibuni, usidhani mto hauna mwenyewe. Mbali na leseni kuna haki ya ukingo, na sehemu kubwa ya kingo iko mikononi mwa klabu. Jiunge na klabu iliyo karibu nawe, utapata mahali pa kuvua na utapata walimu.

Vifaa visikutishe. Ufito wa kitaalamu wa mita 13, ambao ndio ukomo wa urefu kwenye mashindano ya dunia, bei yake inaweza kuzidi ya pikipiki mpya. Anza na ufito mwepesi wa mita 5 usio na kigurudumu, mshipi ukiwa umefungwa moja kwa moja kwenye ncha. Mshipi uwe mfupi kidogo kuliko ufito, ili ukiuinua samaki mdogo aje mwenyewe mkononi bila kuhitaji wavu. Boya liwe jembamba. Ndoana iwe ndogo, nyembamba na isiyo na jino la kuzuia. Klabu nyingi zinadai hivyo. Chubwi zisiwe za risasi. Karibu zote za risasi zilipigwa marufuku mwaka 1987, kwa kuwa bata maji wakubwa weupe walikuwa wakizimeza chini ya mto na kufa kwa sumu. Ongeza wavu mrefu wa kuwawekea samaki hai majini mpaka wakati wa kupima, wavu wa mkono wa kuopolea, na kijiti cha kuchomolea ndoana kooni. Basi. Fedha inayobaki nunua nguo za mvua na viatu vizuri.

Chambo chetu kikuu ni funza wa nzi, wanaofugwa na kuuzwa kwa kipimo madukani, weupe au waliotiwa rangi nyekundu. Nitakaa kidogo kwenye namna ya kumvalisha kwenye ndoana, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapopoteza samaki bila kujua. Funza ana upande mwembamba na upande mnene. Mshike kwa vidole viwili, mbinye kidogo tu upande mnene, na utaona kijingozi kikichomoza. Pitisha ncha ya ndoana kwenye kijingozi hicho pekee. Ukiingia ndani zaidi, maji yake yanatoka, anabaki ganda tupu, na samaki wa mto unaovuliwa kila wiki hamgusi. Akivaliwa vizuri anaendelea kujinyonganyonga chini ya maji kwa dakika kadhaa. Badilisha funza kila anaponyauka, hata kama hakuna aliyegusa.

Asubuhi ya mashindano tunapiga kura. Manahodha wanachovya mkono mfukoni, wanatoa namba, na kila mvuvi anabeba mzigo wake hadi kwenye namba yake. Hapa Nottingham sehemu maarufu ni Embankment, ambako ukingo una ngazi ndefu zinazoshuka hadi majini, mjini kabisa, huku watu wakipita na baiskeli nyuma yako na mitumbwi ya mbio ikikatiza mbele. Wengi wakipewa namba mbaya wanalalamika njia nzima. Mimi naona huko ni kuipa timu pinzani zawadi. Namba mbaya haikupi samaki wengi, lakini inaweza kukupa nafasi ya sita badala ya ya kumi, na hizo alama nne ndizo zinazotenganisha vikombe.

Ukifika, usikimbilie kuvua. Pima kina. Ning'iniza chubwi nzito kwenye ndoana, shusha taratibu, tazama boya. Likizama lote, umeweka mshipi mfupi mno. Likilala juu ya maji, ni mrefu mno. Lirekebishe mpaka ncha yake tu ionekane, kisha rudia mita moja kushoto, mita moja kulia, mbele na nyuma. Unatafuta mahali ambapo chini panashuka ghafla, au palipo na kijishimo, kwa kuwa mkondo hupungua hapo na chakula hutulia. Kwa dakika kumi hizi za kupima, mkono wako unausoma mto usioonekana kwa macho. Kwangu hiyo ndiyo saa ninayoipenda kuliko zote.

Filimbi ikilia, watu wapya humwaga chambo chote kwa mara moja. Kufanya hivyo mtoni ni kuwalisha samaki wa jirani, kwa sababu mkondo unabeba kila kitu na kukipeleka kwa aliyekaa chini yako. Rusha funza wachache, kiganja kisijae, juu kidogo ya mahali boya lilipo, kila unapotupa ndoana. Wachache, tena na tena, bila kusahau, hata pale ambapo hakuna dalili. Haba na haba. Nusu saa ya kwanza unaweza usione kitu, kisha wanaanza kuja wale wadogo wa rangi ya fedha wenye mapezi mekundu, Waingereza huwaita roach, na ukiwa na mpigo mzuri utaopoa mmoja baada ya mwingine kwa saa nzima. Wengi wao hawafiki gramu 50. Ishirini wa namna hiyo ni karibu kilo moja, na kilo moja siku ngumu inakupa nafasi nzuri katika kanda.

Jambo lingine la mtoni ni mwendo wa boya. Maji ya juu yanakimbia kuliko ya chini. Ukiliacha boya lifuate maji ya juu, linaburuta chambo kwa kasi ambayo hakuna chakula cha kweli kinachokwenda nayo. Lizuie kidogo kwa ncha ya ufito, ili chambo kitangulie na boya lifuate. Samaki wa Trent wameona ndoana nyingi, na mara nyingi tofauti kati ya kuguswa na kutoguswa ni huo mwendo tu.

Katikati ya mchana kila kitu kinaweza kunyamaza. Mara nyingi ni pike, samaki mrefu mla wenzake, amefika na wadogo wametawanyika. Unaweza kumwona akimnyakua roach wako mbele ya macho unapomvuta. Usimfukuzie: katika mashindano mengi hahesabiwi, na atakukatia mshipi. Sogeza ndoana mita mbili kuelekea ukingoni, anza kulisha pale upya, na rudi mahali pa mwanzo baadaye. Hapo ndipo maandalizi ya timu yanapoonekana. Sisi siku ya mazoezi kila mtu hujaribu njia tofauti, jioni tunakaa na kuambiana ukweli wote: kina kilichofaa, chambo, saa ambayo samaki walihama. Mvuvi anayewaficha wenzake siri ya mto hafai kwenye timu, awe hodari kiasi gani. Hata bingwa kama Bob Nudd, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa mtu mmoja mmoja mara nne, 1990, 1991, 1994 na 1999, alivua ndani ya timu ya England, na ule wa 1994 aliupata hapa hapa Nottingham, Holme Pierrepont.

Filimbi ya mwisho ikilia, ndoana inatoka majini papo hapo. Wapimaji wanakuja na mizani ya kuning'inia, kituo kwa kituo, na kila mvuvi anashuhudia samaki wa jirani yake wakipimwa. Lowesha mikono kabla ya kumgusa samaki, kwa sababu mikono mikavu inamtoa utando unaomkinga na maradhi. Kisha wote wanarudishwa mtoni wakiwa hai.

Baba yangu mdogo aliniuliza kwa simu: "Mmewapima, halafu mmewaachia?" Nilimjibu ndiyo, Baba, na swali lake ni la haki. Mtu aliyelima kwa jembe kwenye mteremko hawezi kuona chakula kikirudishwa majini bila kuuliza. Huku mto umejaa wavuvi kila mwisho wa wiki. Wakibeba kila walichokishika, msimu ujao hakuna mashindano.

Nyumbani utaratibu huu unaweza kufanyika, nami naamini ungefaa Ziwa Babati au Basotu, kwa vijana wenye mianzi na mishipi ya kawaida tu. Si lazima samaki warudishwe wote. Wanaweza kugawiwa wanakijiji baada ya kupimwa. Anzeni kwa kuonana na afisa uvuvi wa wilaya, maana Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 inahusu uvuvi wa aina zote, na yeye ndiye atakayewaambia leseni na mipaka ya eneo. Pangeni kanda mbali na njia za viboko, tena kukiwa kumekucha kabisa, wala msikae mahali ambapo matete yanaziba njia ya kurudi nyuma. Wekeni muda wa saa tatu. Kambale hula zaidi gizani na maji yakiwa machafu, kwa hiyo asubuhi mapema baada ya mvua itawafaa kuliko jua la saa sita.

Kanuni moja ningeiweka juu ya zote. Perege jike hulea mayai na vifaranga mdomoni, na akishikwa huvitema kwa hofu. Atakayeonekana na mayai mdomoni arudishwe pale pale, mvuvi aandikiwe samaki mmoja kwa uzito ambao waamuzi wamekubaliana mapema. Na mizani iwe ya gramu. Ile ya sokoni inayoruka kwa nusu kilo itawagombanisha kanda nzima, kwa sababu nafasi ya tatu na ya nne mara nyingi zinatenganishwa na samaki mmoja wa urefu wa kidole.