Mafuta ya Shokapu

Watoto wa Njombe na Makambako huziona pikipiki kila siku, zikipita katika njia za mashimo zilizo nje ya barabara ya lami. Ndani ya kila shokapu ya mbele mna springi na mafuta. Springi hubeba uzito. Mafuta, yakipenya katika vitundu vidogo, huizuia isirukeruke.

Mafuta yakichakaa, gurudumu hudunda. Na gurudumu lisiloshika ardhi haliwezi kusimamisha chombo, hata breki ikiwa nzima. Basi fundi mwangalifu huinua gurudumu la mbele, hufungua shokapu, humwaga mafuta machafu katika kopo, wala si mtoni, kisha hutia mapya, kipimo kimoja pande zote mbili. Kazi ni ndogo, lakini huokoa abiria.

Swali: Kwa nini breki nzima peke yake haitoshi?