Kufundisha Nafasi za Desimali kwa Jedwali la Mvua

Utangulizi

Mwalimu wa Hisabati hana budi kutafuta mifano yake katika mazingira ya mtoto. Mji wa Morogoro uko chini ya Milima ya Uluguru, na habari za mvua ni habari za kila nyumba: masika ya Machi hadi Mei, na vuli inayoanza Oktoba. Kipimamvua katika uwanja wa shule hutupa milimita 0.4 leo na 12.0 kesho. Hizo ni desimali zenye maana kwa mtoto. Penye kompyuta, twaweza kuzihifadhi katika jedwali kwa lugha ya SQL.

Madhumuni

Mwisho wa somo mwanachuo aweze:
(a) kueleza maana ya namba mbili zinazofuata neno DECIMAL;
(b) kuchagua ukubwa wa safu kufuatana na kipimo kilichotumika.

Hatua ya 1: Ubaoni

Tuchore visanduku vinne, na nukta kati ya cha tatu na cha nne. Tuandike 12.0, kisha 0.4, kila tarakimu mahali pake: mamia, makumi, mamoja, sehemu za kumi. Tuwaulize wanafunzi: namba kubwa kuliko zote itakayoenea humu ni ipi? Watajibu 999.9. Nukta haina kisanduku chake.

Hatua ya 2: Kwenye kompyuta

Visanduku hivyo huandikwa hivi:

CREATE TABLE Mvua (Tarehe DATE, Kiasi DECIMAL(4,1));

Namba 4 ni jumla ya tarakimu zote. 1 ni tarakimu zilizo kuume kwa nukta. Wengi hudhani kuwa ni tarakimu nne kabla ya nukta na moja baada yake. Sivyo. Namba 1000.0 ina tarakimu tano, kwa hiyo haienei.

Anayetumia Access afahamu kuwa dirisha lake la kawaida la SQL hulikataa neno DECIMAL mpaka mpangilio wa ANSI-92 uchaguliwe.

Hatua ya 3: Hasara ya kusahau

Tukiandika DECIMAL peke yake, Access huchukua tarakimu 18 na MySQL 10, na zote mbili hazitoi nafasi hata moja baada ya nukta. Tuchukue mfano wa siku tano: 0.4, 12.0, 0.3, 7.6 na 0.4. Jumla ni 20.7. Bila desimali, siku tatu za manyunyu zitaandikwa 0, na mtoto aliyelowa njiani ataambiwa na jedwali kwamba mvua haikunyesha. Kubadili safu baadaye hakurudishi tarakimu iliyopotea. Kitakachotuokoa ni daftari la vipimo tu. Kwa hiyo daftari lisitupwe.

Hatua ya 4: Kwa nini tusitumie FLOAT?

Theluthi moja katika desimali ni 0.333… isiyo na mwisho. Vivyo hivyo, sehemu moja ya kumi haina mwisho katika kizio cha mbili, ambacho FLOAT hutumia. Kompyuta huikata mahali fulani, na makosa madogo hujikusanya katika jumla. DECIMAL hutunza tarakimu zenyewe, mradi zienee katika safu.

Tahadhari

Tusitenganishe maelfu kwa mkato ndani ya SQL. Tukiandika 1,250.75, kompyuta itasoma namba mbili: 1 na 250.75.

Zoezi

1. Andika namba kubwa kabisa inayoenea katika DECIMAL(5,2).
2. Mizani ya duka hupima gunia la viazi kutoka Mgeta hadi sehemu za kumi za kilo, na hakuna gunia linalofika kilo 1000. Safu ya uzito iandikweje?
3. Kwa nini DECIMAL(2,1) haifai kwa mvua ya siku moja?

Hitimisho

Kabla ya kuunda jedwali tujiulize maswali mawili: kipimo chetu kinasoma hadi sehemu gani, na namba kubwa tunayoitarajia ni ipi? Mwanafunzi anayeweza kuyajibu kwa visanduku vya ubaoni amekwisha kuelewa thamani ya nafasi, hata kama shule yake haina kompyuta.