Kiongozi wa Wafanyakazi Akipata Kiti Serikalini



Somo la safari hii linahusu jambo ambalo kila tawi litalikuta siku moja. Mwenzetu aliyepigania mishahara yetu anaitwa. Anaambiwa: njoo uwe diwani, njoo uwe mbunge wa jimbo, njoo ufanye kazi kwa waziri. Wengine wetu hushangilia. Wengine hunung'unika kuwa ametuuza. Sisi tunasema, kabla ya kushangilia na kabla ya kunung'unika, tuulize swali moja: Akienda, chama kinabaki mikononi mwa nani?

Swali hili tumefundishwa na mambo yaliyotupata. Katika tawi moja tulilolisimamia, katibu alipewa kazi katika ofisi ya serikali. Alikuwa mtu mwema na hakuchukua hata senti moja ya chama. Lakini daftari la wanachama, kitabu cha stakabadhi na muhuri siku zote vilikaa katika mkoba wake, na alipoondoka viliondoka naye. Hapana aliyekumbuka kumuuliza. Kwa muda wa miezi saba haukufanyika mkutano. Vibarua wanne walipofukuzwa kazi, hapakuwa na mtu wa kuandika barua wala muhuri wa kuipiga. Walipokwenda kumwona huko ofisini, waliambiwa wangoje nje. Kosa lile lilikuwa letu sote, siyo lake peke yake.

Basi tutazame wenzetu waliotutangulia, tuone walipofanikiwa na walipokwama.

1. MOMBASA NA NAIROBI

Mambo ya Kenya si ya mbali nasi. Mpaka mwaka 1925 Kismayu na nchi yote ya Juba ilikuwa chini ya Waingereza wa Kenya, ndipo ikatiwa mikononi mwa Waitalia. Na tangu zamani mashua za Wabajuni zimekuwa zikienda Lamu na Mombasa na kurudi.

Tom Mboya alizaliwa mwaka 1930 katika shamba la mkonge la Kilima Mbogo, ambako baba yake alikuwa mfanyakazi. Akawa mkaguzi wa afya katika Baraza la Mji wa Nairobi. Mwaka 1953, wakati wa Hali ya Hatari, vyama vya siasa vya Waafrika vilipokuwa vimepigwa marufuku, yeye alishika ukatibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1955 makuli wa bandari ya Mombasa waligoma. Mboya akaenda, akazungumza nao na akazungumza na matajiri, na mwisho wake makuli wakapata nyongeza ya mshahara. Watu waliona kwa macho yao kwamba chama ni kitu. Mwaka 1957 wapiga kura wa Nairobi wakamtia katika Baraza la Kutunga Sheria.

Mwaka 1962 akawa Waziri wa Kazi. Mwaka huohuo serikali, waajiri na shirikisho la wafanyakazi walitia sahihi Mkataba wa Uhusiano Viwandani. Waajiri walikubali kuvitambua vyama. Vyama navyo vilikubali kutogoma kabla ya kupitia hatua za mazungumzo. Tulipata kitu na tulitoa kitu.

Baadaye pande mbili za vyama ziligombana, na mwaka 1965 ugomvi ule ulimwaga damu Mombasa. Serikali ikavunja mashirikisho yote mawili na kuunda moja, COTU. Chini ya utaratibu ule mpya, majina matatu yalipelekwa kwa Rais wa nchi, naye ndiye aliyechagua nani awe Katibu Mkuu. Mwaka huohuo sheria mpya ya migogoro ya kazi iliubana mgomo zaidi. Tukumbuke jambo hili: mlango ule ulifunguliwa na ugomvi wetu wenyewe.

2. DAR ES SALAAM

Hapa ndipo penye somo kubwa, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Rashidi Kawawa alikuwa karani wa serikali na kiongozi wa chama cha watumishi Waafrika wa serikali. Shirikisho la wafanyakazi wa Tanganyika, TFL, lilipoundwa mwaka 1955, yeye ndiye aliyekuwa Katibu Mkuu wake wa kwanza. Aliacha kazi ya serikali ili aufanye kazi umoja. Chama cha TANU na TFL vilikwenda pamoja kama ndugu wawili katika kudai uhuru. Kawawa akaingia katika Baraza la Kutunga Sheria, akawa waziri, na tarehe 22 Januari 1962, Mwalimu Nyerere alipojiuzulu uwaziri mkuu, Kawawa akashika kiti hicho.

Fikirini, ndugu. Mtu wa chama cha wafanyakazi ndiye Waziri Mkuu. Na waziri aliyeshika mambo ya kazi alikuwa Michael Kamaliza, ambaye muda mfupi kabla ya hapo alikuwa Rais wa TFL. Je, wafanyakazi walipata nini?

Walipata mengi, na lazima tuseme kweli. Kima cha chini cha mshahara kilipangwa na wengi wakaongezewa. Sheria ya malipo ya kuachishwa kazi ilipitishwa mwaka 1962. Sheria ya mwaka 1964 ilimzuia mwajiri asimfukuze mtu kazi papo kwa papo kama alivyozoea.

Lakini mwaka uleule wa 1962 sheria nyingine ilipitishwa. Ilitaka kila mgogoro upite kwa wapatanishi na baraza la usuluhishi, hata mgomo wa halali ukawa karibu hauwezekani. Januari 1963, Victor Mkello, Rais wa TFL aliyetoka katika chama cha wafanyakazi wa mashamba, alihamishwa kwa amri ya serikali akapelekwa Sumbawanga, mbali kabisa na mashamba ya mkonge. Januari 1964 askari waliasi, na katika kamatakamata iliyofuata viongozi wengi wa vyama walitiwa ndani. Mwezi uliofuata TFL ilivunjwa kwa sheria, ikaundwa NUTA. Katibu Mkuu wa NUTA aliteuliwa na Rais wa nchi. Wa kwanza kuteuliwa alikuwa Kamaliza, naye huku bado ni Waziri wa Kazi. Sasa mfanyakazi mwenye malalamiko juu ya serikali, iliyokuwa mwajiri mkubwa, alimpelekea nani? Kwa Kamaliza wa chama, ambaye angempelekea Kamaliza wa serikali.

Hata yeye kiti hakikumlinda. Mwaka 1969 alikamatwa, akashtakiwa kwa uhaini, na mwaka 1971 akahukumiwa kifungo. Na Christopher Tumbo, aliyeongoza wafanyakazi wa reli katika mgomo mrefu wa mwaka 1960, alipewa ubalozi London mwaka 1962. Hakukaa. Alijiuzulu mwaka huohuo akaingia upinzani, na mwaka 1964 akawekwa kizuizini.

Na wafanyakazi je? Baada ya Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, migomo mingi ilitokea viwandani, nayo haikuongozwa na NUTA. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walikishika kiwanda wenyewe. Walikuwa wakikatwa ada ya chama katika mishahara yao, lakini siku ya shida hawakukitazamia chama. Ilipita miaka mingi, mpaka miaka ya 1990, ndipo vyama vikaanza kujitenga tena na chama tawala.

3. KWETU

Wazee wetu wa mto Juba wanakumbuka waliyosimuliwa juu ya mashamba ya Waitalia, jinsi watu walivyotolewa majumbani kwa nguvu kwenda kulima wakati wa Mafashisti. Kwa hiyo haja ya chama hatukufundishwa na mgeni. Baada ya uhuru wa mwaka 1960 vyama vilikuwapo. Jeshi lilipotwaa nchi Oktoba 1969, bunge na vyama vya siasa vilivunjwa, na vyama vya wafanyakazi navyo havikubaki huru. Mwaka 1977 likaundwa shirikisho moja chini ya chama kimoja cha siasa. Viongozi wake walikuwa watu wa chama hicho. Bandarini, kiwandani kwa nyama Kismayu, na katika mashamba ya miwa ya Mareerey, mfanyakazi alihudhuria mikutano na kupiga makofi. Serikali ilipoanguka Januari 1991, shirikisho lile lilianguka pamoja nayo, kwa kuwa mizizi yake ilikuwa ofisini, siyo kazini.

Katiba ya Muda ya mwaka 2012, kifungu cha 24, ilimpa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na haki ya kugoma. Mwaka 2014 Somalia iliridhia mikataba ya 87 na 98 ya Shirika la Kazi Duniani, inayolinda uhuru wa kuunda chama na kujadiliana na mwajiri. Tangu mwaka 2013 tuna serikali ya jimbo la Juba hapa Kismayu. Viti vipo, na watu wetu wataitwa.

Lakini kwetu kuna hatari moja zaidi. Tangu mwaka 2000 viti vya bunge la taifa vimegawanywa kwa kabila, ile hesabu ya nne na nusu, na sisi Wabajuni tumehesabiwa pamoja na wengine katika ile nusu. Mtu akipata kiti kwa njia hii, ataambiwa na wazee wake kuwa kiti ni chao. Basi akiwa ametoka katika chama cha wafanyakazi, wenzake wa kabila jingine watasema: kumbe chama kilikuwa ngazi ya fulani na jamaa zake. Kuli mmoja akisema hivyo leo, kesho watakuwa kumi, na kesho kutwa hakuna chama.

4. KWA NINI HUTOKEA HIVI

Msidhani kwamba Kawawa alikuwa mtu mbaya. Tabia ya mtu ni jambo moja, na kiti ni jambo jingine. Anayekaa katika chama huutazama mshahara kwa upande wa anayepokea. Anayekaa serikalini huutazama kwa upande wa anayelipa. Asubuhi anatafuta fedha za shule na barabara, jioni anaambiwa bandari imegoma na ushuru hauingii. Hata mwenye moyo safi ataanza kusema: ndugu zangu, ngojeni kidogo.

Imetokea kwingine pia. Frederick Chiluba aliongoza vyama vya wafanyakazi vya Zambia kwa miaka mingi, na mwaka 1991 akachaguliwa Rais wa nchi. Chini ya serikali yake mashirika ya umma yaliuzwa na maelfu ya wafanyakazi wakapoteza kazi.

Wapo wanaosema: basi asiende mtu. Sisi hatukubali. Ushuru wa mashua, leseni ya kuvua kamba, mikataba ya kazi bandarini na saa za kazi kiwandani, yote huamuliwa katika vikao. Tusipokuwamo, wenye magodauni na wenye meli watakuwamo. Makuli wa Mombasa na wafanyakazi wa Tanganyika walipata sheria njema kwa sababu watu wao walikuwamo. Walichokosa ni chama kilichobaki nje, chenye nguvu zake.

5. LA KUFANYA

Kwanza, anayeenda serikalini ajiuzulu uongozi wa chama siku hiyohiyo. Abaki mwanachama akipenda. Mtu mmoja asishike pande zote mbili za kamba.

Pili, akabidhi mbele ya mkutano: daftari la wanachama, kitabu cha stakabadhi, muhuri, kitabu cha benki na funguo. Viandikwe kimoja kimoja, na mashahidi watatu watie sahihi au dole gumba.

Tatu, kila tawi liwe na manaibu wawili wanaojua kuandika barua na kusoma mkataba. Wafundishwe sasa, wasingoje siku ya kuagana.

Nne, ada itoke mifukoni mwetu. Ofisi ikilipiwa na serikali au na tajiri, siku ya mgomo itafungwa.

Tano, apewe madai yetu kwa maandishi, na kila miezi mitatu aje tawini kueleza alichosema na alichopata. Asipokuja, tumwandikie. Akikataa, tuwaambie wanachama wazi.

Sita, tusimteue mtu kwa kabila lake, wala tusimnyime kwa kabila lake.

Mabaharia wetu husema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Hata anayetembea nyuma na mbele ya chombo, mwisho hurudi ngamani, pale penye maji ya kufua. Mwenzetu akipanda juu, tumtakie heri. Lakini sisi tuliobaki ngamani tusiache kufua maji kwa kungoja yeye. Chombo kikizama, kitazama na sote.

MASWALI YA KUJADILIANA TAWINI

1. Katibu wetu akiitwa kesho, nani anajua daftari la wanachama liko wapi?
2. Kamaliza alikuwa waziri na katibu wa chama kwa wakati mmoja. Mfanyakazi wa serikali alipata hasara gani kwa jambo hilo?
3. Ni jambo gani moja la kazi yetu ambalo haliwezi kutatuliwa na tajiri, ila na baraza la mji au serikali ya jimbo?
4. Katika tawi letu, ada ya mwezi uliopita ilikusanywa na nani, na nani aliihesabu pamoja naye?

Majibu yaandikwe na kusomwa katika mkutano ujao.