Kunguru wa Mbezi Luis na vifaranga wa tetere

Ndugu msomaji, simama Mbezi Luis asubuhi uhesabu ndege unaowaona. Kunguru watawazidi wote. Wengi wetu tunadhani huyu ni ndege wetu wa tangu na tangu, kumbe sivyo. Kunguru huyu mwenye shingo ya kijivu asili yake ni Bara Hindi. Aliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890, wakati wa utawala wa Waingereza, ili ale taka za mji, kisha akaenea hadi bara. Kunguru wetu wa asili ni yule mwenye shingo na kifua cheupe.

Tatizo si kelele zake tu. Huyu mgeni hula mayai na makinda ya tetere, shore na chozi, na vifaranga wa kuku uani anawajua vizuri. Jijini Dar es Salaam, kati ya 2010 na 2013, waliuawa kwa wingi sana kwa sumu maalumu iliyosimamiwa na wataalamu. Leo wamejaa tena. Mwaka 2024 Kenya nayo ilitangaza mpango wa kuwaangamiza milioni moja. Kwa nini wanarudi? Kwa sababu sahani yao haijaondolewa. Yaliyomleta ndiyo yanayomlisha: taka zetu.

Yako mafundisho mawili hapa ambayo wengine huyaona yanapingana. Mtume (s.a.w.) alimtaja kunguru miongoni mwa wanyama watano wenye madhara wanaoruhusiwa kuuawa hata ndani ya Haram. Na katika safari moja, kama alivyosimulia Ibn Mas'ud, Masahaba walichukua makinda ya ndege mdogo, mama yao akawa anapigapiga mbawa, Mtume (s.a.w.) akaamuru arudishiwe. Hayapingani. Mwenye madhara anazuiwa, mnyonge anarudishiwa wanawe. Lakini ruhusa hiyo si ya kumwaga sumu uani, maana itaua paka, mwewe, na Mungu apishie mbali, mtoto.

Anza na pipa: lifunike. Mabaki ya chakula yafukiwe, vifaranga wakae ndani ya tenga. Hayo yakifanywa na nyumba moja kunguru atahamia kwa jirani, hivyo zungumzeni mtaa mzima, na mama lishe wa karibu na kituo cha mabasi msiwasahau.

Kisha tazama kiwanja chenyewe. Desturi yetu ni kuita katapila, kufyeka mpaka udongo mwekundu, halafu kupanda mwashoki, ambao nao ni mgeni kutoka huko huko alikotoka kunguru. Shore atajificha wapi? Si mbali na hapa upo msitu wa asili wa Pande, uliofanywa pori la akiba mwaka 1990, na ndege wa vichakani wanaotoka huko wanahitaji pa kutua. Acha kona moja ya kichaka cha asili bila kufyeka. Kama una eneo kubwa panda mkwaju. Mkuyu ni karamu ya ndege, ila mizizi yake hupasua msingi na shimo la choo, uuweke mbali. Kwenye kiwanja cha ishirini kwa ishirini, mbungo mmoja uliotambaa juu ya uzio unatosha, na mabungo yake watoto watayagombania na ndege.