Kufundisha Shukrani: Kapu na Habari Yake

Somo la kumshukuru Mungu huonekana jepesi kwa mwanachuo aendaye mazoezi ya kufundisha kwa mara ya kwanza. Katika kipindi cha dini huwauliza watoto wanamshukuru Mungu kwa lipi, nao hujibu kwa sauti moja, "Kwa uzima!" Kipindi hupita kwa utulivu, naye hurudi ofisini akiamini kwamba amefundisha. Sisi tukaao nyuma ya darasa tumeyasikia majibu hayo mara nyingi. Ni majibu ya adabu, lakini hayaonyeshi kama mtoto amekumbuka jambo lolote alilotendewa.

Twapendekeza somo lianzie Kumbukumbu la Torati, sura ya 26. Humo mkulima wa Israeli anaagizwa atie malimbuko ya shamba lake kapuni na kuyapeleka kwa kuhani. Walimu wengi huishia kwenye kapu. Lakini mkulima yule yampasa pia kusimulia: jinsi mzee wake alivyotangatanga, wakashuka Misri wakiwa wachache, wakateswa, wakamlilia Mungu, wakatolewa na kupewa nchi. Baada ya hayo hufurahi pamoja na Mlawi na mgeni akaaye kwao. Kuacha masimulizi haya ni kuacha sehemu kubwa ya somo.

Jambo hili tulijifunza kwa aibu. Katika shule moja ya Kisarawe tulimshauri mwanachuo awaagize watoto wa Darasa la Nne walete kila mmoja zao moja la nyumbani. Meza ilijaa mihogo, mananasi, nazi na korosho, zana bora kuliko picha yoyote. Msichana mmoja alikuja mikono mitupu, kwani kwao mvua za vuli zilikuwa haba na mihogo iliyobaki ililiwa na nguruwe pori. Alikaa ameinamisha kichwa muda wote tulipokuwa tukifundisha wema wa Mungu. Maandalio yetu hayakuwa na nafasi yake.

Juma lililofuata mwanachuo alianza upya, safari hii bila mazao. Alisimulia habari ya mkulima yule, kisha akasema, "Nielezeni jambo moja jema lililotokea kwenu juma hili, na ni nani alikuwapo." Wachache walisema. Baadaye yule msichana akaeleza kwamba jirani yao, mama wa Kiislamu, aliwaletea bakuli la unga, wakapika ugali usiku ule. Mwalimu hakuongeza mahubiri. Aliuliza tu, "Mama yako alimjibuje?" Mtoto akasema mama alimwombea Mungu amzidishie, na jirani akaitikia, "Alhamdulillahi." Hapo mikono mingi ikainuka.

Tazameni swali lile la pili. Kwa swali hilo shukrani kwa Mungu haikumruka mwanadamu aliyebeba bakuli. Tena katika wilaya ambayo Wakristo huishi kati ya majirani Waislamu walio wengi, vipindi vya dini hutenganishwa, lakini unga hauna kipindi.

Mwalimu atumie pia yale ambayo watoto wameyaona kanisani. Katika sharika za Kilutheri, kama zile za Kisarawe na Maneromango ambako wamisionari wa Kijerumani walianza kazi mwaka 1892 na 1895, mtoto ajua ibada ya mavuno na mnada unaofuata. Muulizeni: kwa nini mtu anunue mnadani nanasi alilolileta mwenyewe, tena kwa bei kuliko ya sokoni? Tumesikia watoto wakibishana vizuri sana juu ya swali hilo.

Kibaha mambo ni mengine. Mtoto wa fundi au wa mama lishe wa Maili Moja huenda hana shamba la kusimulia. Yeye aseme habari ya bomba lililotoa maji asubuhi, au ya muuguzi aliyempokea Tumbi usiku akiwa na homa. Msimlazimishe kuigiza ukulima.

Tahadhari moja ni nzito kuliko zote. Katika darasa kubwa huenda yupo mtoto aliyefiwa na mzazi, au aliyelala njaa. Asiagizwe kushukuru kwa msiba wake. Paulo, katika 1 Wathesalonike 5:18, ataka tushukuru tukiwa katika hali yoyote. Hafundishi kwamba kila litupatalo ni jema. Zaburi ya 13 huanza kwa malalamiko, na wimbo huja mwishoni. Mwanachuo aliyeisoma hatashtuka mtoto akisema, "Mimi leo sina la kushukuru." Amjibu kwamba amemsikia, aendelee na wengine, na baada ya kipindi amtafute, amuulize kuna nini nyumbani.

Shukrani isitolewe alama. Katika kipindi kinachofuata, mwalimu aulize tu ni nani aliyepata nafasi ya kumwambia mtu asante, na yule mtu alisema nini. Asiyetaka kujibu aachwe.