Shimizi ya jua kwa wamama wa shamba: tuipime kabla ya kulipa

Mwezi wa kumi hapa Lubumbashi tunaujua wote. Mvua haijaingia vizuri, udongo ni mgumu, na shamba la mahindi linapaswa kuwa tayari kabla ya mwezi wa kumi na moja. Ndio wakati jua linafika utosini kabisa: mwishoni mwa mwezi huo, saa sita mchana, fimbo uliyoisimamisha wima karibu haina kivuli. Tena mji wetu uko juu, meta 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na kila meta 1,000 unazopanda, miale inayounguza ngozi inaongezeka kwa asilimia 10 hivi. Hata upepo ukiwa wa baridi, ngozi inaungua tu.

Kwa hiyo tunashauri shimizi nyepesi ya mikono mirefu. Wamama wengi wanayo. Lakini ukipita kwenye bustani za lenga-lenga saa nne, unaikuta imefungwa kiunoni, au mikono imekunjwa hadi juu ya kiwiko. Ukiuliza kwa nini, jibu la kwanza mara nyingi si joto. Ni hili: "Inanikamata huku chini ya mukono."

Na ni kweli. Mji wetu ni wa migodi, na shimizi nyingi za kazi tunazoziona sokoni zimekatwa kwa mwili wa mwanaume. Mama akichukua inayomtosha mabegani, kifuani vifungo vinavutana na kuacha matundu. Akichukua kubwa zaidi ili kifua kitoshe, mikono inashuka hadi kwenye vidole na kunaswa na mpini wa jembe. Hapo usimlaumu kwa kuivua.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hatulifikirii. Kitambaa kikivutwa, nyuzi zake zinaachana na jua linapita katikati. Shimizi inayobana mgongoni inakinga kidogo kuliko ileile ikiwa imelegea. Kwa hiyo nafasi ndani ya nguo si anasa. Ndiyo kinga yenyewe. Na ndiyo inayopitisha hewa. Mwaka 1980 wataalamu walipima majoho mapana ya Wabedui katika jangwa la Negev, meusi na meupe. Lile jeusi lilipata joto zaidi kwa nje, lakini mvaaji hakupata joto zaidi, kwa sababu hewa ilikuwa inatembea chini ya nguo.

Sasa tuende kwa fundi. Akipima kifua pahali kilipo kipana zaidi, mwambie aongeze sentimita 12 hadi 16. Halafu jikumbatie, mikono imevuka mbele, naye apime mgongo kutoka bega hadi bega hivyo hivyo ulivyojikumbatia. Mafundi wengi wanapima mtu amesimama wima kama anapigwa picha, lakini hakuna anayelima amesimama hivyo! Chini ya kwapa aweke kipande kidogo cha pembe nne: kinakula kitambaa kidogo sana, na ndicho kinachoacha mkono upande na jembe bila kuvuta shimizi yote. Mshono wa bega usogezwe kidogo mbele au nyuma, usikae pale unapobebea jembe. Kola isimame ifunike shingo kwa nyuma. Chini ishuke hadi kwenye makalio, na pembeni iachwe wazi kidogo, ili ukiinama kiuno kisibaki nje.

Kabla ya kulipa, inama uguse vidole vya miguu, chuchumaa, inua mikono kama unapiga jembe mara kumi. Mwenye mtoto afunge kikwembe mgongoni juu ya shimizi na arudie yote. Anayenyonyesha achague vifungo vya mbele hadi chini ya kifua.

Kuhusu kitambaa, kiinue kuelekea mwanga. Ukiona vidole vyako vizuri kupitia humo, jua nalo linapita. Fulana nyeupe nyepesi ya pamba inaweza kupitisha sehemu 1 kati ya 6 ya ile miale, na ikilowa jasho inapitisha zaidi. Kwenye mitumba utakuta pengine shimizi zilizoandikwa UPF 50: maana yake inapita sehemu 1 tu kati ya 50, ila kitambaa kikichakaa usikitegemee tena. Mimi ningechagua pamba iliyofumwa vizuri, yenye rangi iliyokolea, pana. Kwa wenzetu wenye ualbino msikubali kitambaa kinachoonyesha mwanga hata kidogo, na kofia pana ni lazima.

Angalizo moja: shimizi hii si ya kupulizia dawa. Kitambaa chepesi kinanyonya dawa na kuilaza kwenye ngozi. Kupulizia kuna nguo zake, na zinafuliwa peke yake.

Kama kikundi chenu kinataka kushonesha nyingi kwa pamoja, msiagize zote siku moja. Fundi ashone mbili, moja ya mama mwembamba na moja ya mama mnene, wazivae asubuhi moja nzima shambani. Wakirudi, angalieni pale mshono ulipoacha alama kwenye ngozi, na mumpelekee fundi shimizi zikiwa bado na vumbi.